Umeme Unaobaki Baada ya Kuzima Swichi



 Ndugu wasomaji, sisi tunaoshughulikia vipaza sauti vya madrasa tumeulizwa mara nyingi na wadogo zetu: mbona amplifaya ikizimwa, taa yake nyekundu huendelea kuwaka kidogo, kisha hufifia polepole? Sababu ni vijikopo vilivyomo ndani yake, ambavyo mafundi huviita kapasita. Tumeona tulieleze jambo hili kwa sababu lina hatari ambayo mzazi na mwanafunzi wanapaswa kuijua.

Tuchukue masinia mawili ya pilau yenye upana wa sentimita 60. Tuyasimamishe yakitazamana bila kugusana, nafasi ya katikati iwe milimita 1 tu. Moja tuliunge kwa waya na upande chanya wa betri ya gari ya volti 12, la pili upande hasi. Betri itavuta elektroni kutoka sinia la kwanza na kuzisukuma kwenye la pili. Haziruki ile nafasi. Hupita kwenye waya. Sinia moja linapata upungufu, jingine linapata ziada, kwa kiasi kile kile.

Hapa ndipo tulipobishana sana. Wenzetu wengine walishikilia kwamba kapasita hujaa umeme kama mtungi unavyojaa maji. Sivyo. Ukijumlisha chaji za masinia yote mawili unapata sifuri, kama mwanzo. Kilichofanyika ni kutenganisha. Chanya na hasi zinavutana kupitia ile nafasi, zinataka kurudiana lakini njia hakuna. Ndiyo maana hata betri ikiondolewa zinabaki pale pale.

Masinia yakiwa makubwa zaidi, chaji huongezeka. Yakisogezwa karibu zaidi, huongezeka pia. Mwaka 1837, Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba ukijaza nafasi hiyo kwa kioo au kitu kingine kisichopitisha umeme, chaji huzidi kwa betri ile ile. Kipimo cha faradi kimepewa jina lake, nacho ni kikubwa mno: ili kupata faradi 1 kwa nafasi ya milimita 1 ya hewa, kila bamba lingehitaji eneo la kilomita za mraba 113 hivi! Masinia yetu yangehamisha elektroni kama bilioni 190, na hizo hazitoshi kuwasha hata taa ya tochi.

Basi viwanda hukunja alumini nyembamba kama mkeka, na kizuizi cha katikati huwa utando mwembamba kuliko milimita 1 kwa maelfu ya mara. Kijikopo kidogo kikabeba mengi.

Katika amplifaya kubwa kapasita hushika makumi ya volti. Katika mikrowevu ni maelfu, na watu wamekufa kwa hizo. Waya umechomolewa ukutani, swichi imezimwa, lakini chaji haina habari. Ile taa nyekundu nayo isitudanganye, kwani huenda inalishwa na kapasita moja tu, na nyingine bado zimebeba. Fundi makini huunganisha rizista kwenye miguu ya kila kapasita, husubiri, kisha hupima kwa mita kabla ya kutia mkono. Kwa hiyo hapa kwetu tumekubaliana kwamba kifuniko cha amplifaya hafungui mtoto, hata plagi akiwa ameishika mkononi.