Vuli Imetukuta Machakos

Mama yangu huanza kudai arudishwe nyumbani baada ya sala ya alasiri. Hufunga kanga zake furushi, hutafuta buibui lake, kisha husimama mlangoni akiuliza gari litakuja saa ngapi. Nyumbani anakokutaja ni Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba tuliyoiuza miaka mitatu iliyopita ili kulipia matibabu yake. Nami nimemleta huku Machakos ninakoishi na mume wangu, mahali pasipo na bahari wala sauti ya mwadhini aliyemzoea.

Maradhi ya kusahau hayana kelele. Humwondoa mtu kidogo kidogo, kama maji ya bamvua yanavyokula ukuta wa pwani.

Jioni moja ya mwezi wa Oktoba nilichoka, nikamjibu kwa ukali: "Mama, nyumba haipo! Tumeiuza!" Akaketi kitako akalia kama mtu aliyepata habari hiyo kwa mara ya kwanza, na kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Lile neno dogo la kuchoshwa ambalo Qurani imetukataza kuwaambia wazazi, mimi nilikuwa nimelivuka mbali. Asubuhi nilipokwenda kumtaka radhi, hakulikumbuka kosa. Nikabaki nalo peke yangu.

Tangu hapo nikawa natoka nje kila baada ya sala ya alfajiri, nisipate la kufanya ila kutazama. Mbele yetu ni shamba la jirani, mama wa Kikamba, limekatwa matuta ya fanya juu kuelekea vilima vya Iveti: mtaro huchimbwa, udongo ukarushwa upande wa juu, ukazuia maji yasiteremke na rutuba. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos inaangamia kwa mmomonyoko. Matuta yaliyochimbwa kwa jembe, mengi yao na vikundi vya akina mama, ndiyo yaliyoishika.

Wiki ile shamba lilikuwa vumbi tupu, naye alikuwa akipanda mahindi na pojo. Nikamuuliza apandaje pasipo mvua.

"Mbegu itangoja, mama," akanijibu bila kuinua kichwa. "Mimi nikingoja, nitachelewa."

Sisi wa pwani tumezoea kuitegemea masika. Huku vuli ndiyo inayoaminika zaidi, nayo ni fupi, basi mbegu hutangulia mavumbini.

Mvua ilikuja siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, Mama yu pale pale mlangoni na furushi lake. Kwanza harufu ya udongo, kisha matone mazito juu ya mabati. Aliliweka furushi chini. Akakunja mkono wa dera lake hadi kiwikoni, akaunyosha nje ya baraza.

Nilitambua mara moja. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifunua sehemu ya nguo yake mvua impate mwilini, kwa kuwa ndiyo kwanza inatoka kwa Mola wake. Mama ndiye aliyetufundisha hayo utotoni, kila masika, tukipigana vikumbo barazani. Jina langu limemtoka, hili halikumtoka.

"Kunja na wewe," akaniambia. "Utarowesha nguo."

Nikakunja. Tukasimama hivyo hata magharibi ikaingia, na usiku kumbikumbi wakaizunguka taa yetu hadi tukaizima.

Siku chache baadaye pojo zilichomoza, mistari kwa mistari. Mama angali anadai kurudishwa nyumbani. Simwambii tena kwamba imeuzwa. Namwambia tukaangalie kwanza shamba la jirani limefika wapi. Siku nyingine hukataa, na siku hizo ni ndefu. Jana alikubali. Mahindi yalikuwa yamemfika magotini, naye akanishika mkono akinionya nisiyakanyage, kwani yana mwenyewe.