Maji Hayajaiva

Kila mgeni anayeingia kwangu siku hizi huuliza swali moja: samaki wako wapi? Ni swali la haki. Kwenye bedsita yangu ya Kahawa West, kati ya kitanda na meko ya gesi, kuna tangi la kioo la lita 90. Taa inawaka, pampu inavuma, maji yanazunguka, na ndani kuna mawe na mchanga tu. Hata konokono hakuna. Jirani yangu alilitazama, akanitazama na mimi, kisha akaniuliza kwa upole kama niko sawa.

Niko sawa. Tangi ndilo liko wiki ya tatu.

Kwa wale ambao hawajawahi kufuga chochote cha baharini, wacha nieleze. Kila kinachoishi ndani ya tangi hutoa amonia. Kinyesi, chakula kilichobaki, chochote kinachooza. Baharini amonia hiyo hupotea kwenye maji yasiyo na mwisho. Kwenye lita 90 haina pa kwenda, na samaki huungua matamvua. Wanaomwokoa ni bakteria. Kundi moja hula amonia na kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hula naitraiti na kuigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaweza kuivumilia isipozidi sana. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga, huwaoni, na huzaana pole pole. Kwa kawaida wanahitaji wiki 4 hadi 6 kabla hujamtia samaki wa kwanza.

Kwa hivyo siku ya kwanza nilitia kipande kimoja cha kamba kutoka sokoni, kioze. Tangu hapo kazi yangu ni kupima. Unajaza kijichupa maji, unatia matone ya dawa, unasubiri rangi. Njano maana yake hakuna amonia. Kijani maana yake tulia.

Mambo haya niliyajulia Mtwapa. Mwaka 2021 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea biashara, ada ikakosa na jina langu likakosa kwenye orodha ya mtihani. Binamu yangu akanitafutia kibarua kwenye banda moja linalofunga samaki wa mapambo kwenda ng'ambo. Wapiga mbizi huwaleta kutoka kwenye miamba ya Kilifi na Kwale. Samaki hawalishwi kabla ya safari ili wasichafue maji ya mfuko. Unatia maji kidogo, unajaza oksijeni juu yake, unafunga kwa mpira, unapanga kwenye sanduku la foamu, na kesho yake samaki wa Kilifi yuko sebuleni kwa mtu Ulaya. Mchana nilikuwa nafunga mifuko. Usiku nilikuwa naandika makala za tovuti za watu kwa simu, nalipwa kwa neno. Baada ya miezi minane maneno yakaanza kulipa kuliko mifuko, nikapanda basi nikaja Nairobi.

Tangi nililinunua kwa jamaa aliyekuwa anahamia Canada. Matumbawe laini niliyapata kidogo kidogo, vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya wafugaji wengine. Mwisho kabisa nikanunua samaki wawili wa Nemo, kama kila mtu anavyowaita. Wadogo wote wa jamii hiyo huwa madume kwanza. Mkubwa kwenye kundi ndiye hugeuka jike, na jike akifa, dume wake hukua na kushika nafasi yake. Nilipenda sana kuwaeleza wageni hilo. Ilinichukua mwaka mzima kufika hapo.

Halafu usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ikapotea karibu nchi nzima. Betri yangu ya pampu ya hewa ilikuwa na nguvu ya saa sita na ikafanya kazi saa sita, sawa na ilivyoandikwa kwenye boksi. Giza likaendelea. Tangi dogo bila mzunguko wa maji huishiwa na oksijeni haraka, na joto nalo hushuka, kwa sababu Agosti ya Nairobi unaijua. Nilifunika kioo kwa blanketi, nikawa nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili hewa iingie. Chota, mwaga. Tochi ya simu ikazima. Nikaendelea gizani, nikisikiliza sauti ya maji. Dume alikufa kabla ya alfajiri. Jike alifuata Jumamosi saa sita mchana. Matumbawe yalianza kutoa ute, na kinachooza hutoa amonia, na amonia huua kilichobaki. Kufikia Jumatatu nilikuwa nafungua madirisha yote.

Kaka yangu alinipigia kutoka Thika. "Pole," akasema, na nusu dakika baadaye: "Sasa uza hicho kioo urudi shule." Hakuwa anaropoka. Wiki hiyo chuo kilikuwa kimetutumia ujumbe sisi tulioacha: mwenye deni anaweza kurudi Januari akilipa nusu. Deni langu ni shilingi 86,000. Kwenye simu nilikuwa na 44,000 na ushei, malipo ya kazi moja kubwa ya uandishi. Yaani nusu hiyo nilikuwa nayo, karibu shilingi kwa shilingi.

Nilikaa na kalamu. Nusu ya deni ingeniingiza darasani. Nusu nyingine ingenifuata. Kisha semista tatu, kodi, chakula, na vibarua vya kuandika vikifanywa saa nane za usiku. Na yote hayo kumalizia digrii ambayo niliichagua kwa sababu alama zangu ziliangukia hapo. Kulianzisha tangi upya, kwa kuwa kioo, taa na mawe nilikuwa navyo, kulihitaji 11,400. Kwa hivyo haikuwa samaki dhidi ya shule, ingawa hivyo ndivyo kaka yangu alivyoitangaza kwenye familia. Nilikuwa najiuliza kama kuanza upya ni lazima kuwe kurudi.

Nilipokuwa Mtwapa niliwahi kwenda Kuruwitu, kaskazini kidogo, upande wa Vipingo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali. Matumbawe yakipata joto hufukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake, ambao ndio humpa rangi na sehemu kubwa ya chakula, na hali ikidumu hufa. Pwani yetu ilipoteza mengi mwaka huo. Uvuvi uliozidi ukaongezea. Mwaka 2005 wanakijiji wa Kuruwitu walifunga kipande cha bahari yao, hekta 30 hivi, mtu asivue. Wakakiita tengefu. Samaki wakarudi. Niliazima miwani ya kuogelea nikaingia. Nilitarajia kuona kitu kilichorudi kama zamani. Nilichokiona ni mifupa ya matumbawe ya kale, ya kijivu, na juu yake vichane vidogo vipya ukubwa wa kidole. Tumbawe changa haliwezi kushika kwenye mchanga unaohama. Linahitaji kitu kigumu, na mara nyingi kitu hicho ni tumbawe lililokufa. Mwamba ule haukuwa unarudi ulipokuwa. Ulikuwa unajijenga juu ya ulichopoteza.

Basi sikuyatupa mawe yangu. Niliyasugua kwa brashi, nikayakausha wiki tatu juani, kwenye paa, chini ya kamba za nguo. Mtu akikushauri uyachemshe, kataa: baadhi ya viumbe vinavyoota juu yake vina sumu kali, na mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali. Kisha nikachanganya maji mapya, gramu 35 za chumvi kwa kila lita, karibu kilo 3 zote. Nikawasha.

Kila asubuhi naongeza maji yaliyopungua, na hapa wengi hushangaa, kwa sababu naongeza maji matamu. Maji hupaa, chumvi hubaki. Ukiwa unaongeza ya chumvi kila siku, baada ya muda utakuwa unafuga Ziwa Magadi.

Aliyebaki kuambiwa alikuwa Mama. Mama yuko Molo, analima viazi na mahindi, na mwaka wangu wa kwanza chuoni ulilipwa na ng'ombe mmoja niliyemjua kwa jina. Nilimpigia jioni, baada ya kukamua.

"Mama, Januari sirudi."

Akanyamaza. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Na yule ng'ombe?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi, na hakuna hata moja lililofaa swali hilo. Nikamwambia ukweli nilionao: kwamba miaka ile mitatu ndiyo ilinifunza kusoma kwa bidii na kuandika ripoti ya kurasa ishirini kwa usiku mmoja, na kwamba ninakula kwa kazi hiyo leo. Kwamba sikuona ng'ombe amepotea. Kwamba pia siwezi kumwahidi kuwa nimepiga hesabu sawa.

"Sijafurahi," akasema.

"Najua, Mama."

Akanyamaza tena, kisha akauliza kuhusu samaki, kwa sababu kaka yangu alishamwambia. Nikamweleza: mawe, kamba anayeoza, amonia, wiki sita za maji matupu. Nilidhani atacheka. Akasema, "Kwani ni kama samadi."

"Samadi vipi?"

"Samadi mbichi huchoma mahindi. Ukiitoa zizini ukaitia shambani siku hiyo hiyo, umeua mimea. Lazima ikae, ioze, ile harufu ya kuchoma macho iishe. Hapo imeiva."

Ile harufu ya kuchoma macho ni amonia. Mama amekuwa akifanya kazi hii ya bakteria tangu kabla sijazaliwa, bila kijichupa wala matone.

Hatukumaliza ile habari ya shule. Bado iko kati yetu, na itabidi nimwonyeshe kwa kazi, mwezi baada ya mwezi. Tangi nalo lina safari. Baada ya wiki hizi utakuja ukungu wa kahawia juu ya mawe yote, kisha mwani wa kijani, na kwa miezi kadhaa litakuwa baya kuliko lilivyo sasa. Nitaanza na konokono. Kisha samaki mmoja. Matumbawe baadaye.

Leo nimepima. Amonia ni kijani hafifu, hafifu kuliko juzi. Naitraiti ndiyo imepanda, kumaanisha kundi la kwanza limefika kazini na la pili bado linajikusanya. Nilikuwa naandika namba hizo kwenye daftari ujumbe ukaingia kutoka Molo.

"Maji yameiva?"

Nikamjibu: bado, Mama. Wiki tatu hivi.