Goli la Mwembe Yanga

Jina la timu yetu silitaji, kwa sababu lilibadilika kila alipopatikana mtu wa kutununulia jezi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitupa jezi za bluu, tukachukua jina la duka lake. Alipofilisika tukarudi kwenye jina la mtaa. Akaja mgombea udiwani na jezi za kijani, tukawa timu yake mpaka kura zilipohesabiwa. Watu wa Tandika hawakuhangaika na hayo. Kwao tulikuwa vijana wa pale kwa muuza mkaa, na ukiulizia hivyo hata leo wapo watakaokuonyesha njia.

Nasimulia habari za miaka ya tisini. Kuanzia Keko hadi Mtoni, Sandali hadi Azimio, kila mtaa wa Temeke ulikuwa na timu yake, na uliokuwa na timu mbili ujue waligombana. Kugombana na kugawanyika hakukuwa aibu. Yanga ilianzishwa 1935, na mwaka uliofuata waliojitenga wakaunda timu yao, iliyokuja kuitwa Sunderland na kisha, mwaka 1971, Simba. Mwaka 1976 Yanga ikameguka tena, ikazaliwa Pan African. Wakubwa walimegukana kwa hoja nzito za uongozi na fedha. Sisi tulimegukana kwa sababu ya mpira mmoja uliolala kwa mtu asubuhi ukaonekana umetoboka.

Tulicheza Mwembe Yanga. Wanaofuatilia siasa wanaukumbuka uwanja huo kwa tarehe 15 Septemba 2007, Dk. Wilbrod Slaa aliposimama pale na kusoma majina ya vigogo aliowatuhumu kwa ufisadi. Mimi naukumbuka kwa mchanga. Upande mmoja ulikuwa mgumu, mpira unadunda vizuri. Upande wa pili mchanga ulijaa hadi kwenye vifundo, na winga aliyepangwa huko alikimbia kama anayepanda ngazi. Kushinda shilingi ya refa kabla ya mechi kulikuwa nusu ya ushindi. Mistari ilichorwa kwa chokaa, na chokaa ikikosekana, kwa majivu tuliyoyaomba kwa mama lishe. Nyavu hazikuwepo, kwa hiyo shuti lililopita karibu na mwamba lilizaa kesi. Nimewahi kuona mechi ikisimama mpaka karibu na adhana ya magharibi, watu wazima na akili zao wakibishana iwapo mpira ulipita ndani au nje, na mtoto aliyekuwa amekaa nyuma ya goli, ambaye ndiye aliyeona, hakuna aliyemuuliza.

Miguu yangu haikuwa ya mpira. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nikafanywa katibu msaidizi na kukabidhiwa kaunta buku. Humo niliandika michango ya kila Jumapili, majina ya wafungaji, kadi, na matumizi: malimao, glukosi, chokaa, nauli ya refa na washika vibendera. Kulikuwa pia na safu niliyoelekezwa kuiita "mengineyo". Ndani ya mengineyo walikaa kamati ya ufundi, yaani wazee wawili ambao hawakujua hata sheria ya kuotea lakini walijua nani wa kumwona Mkuranga kabla ya mechi kubwa. Zipo wiki ambazo mengineyo yalizidi nauli za timu nzima. Sijawahi kuona golikipa aliyezuia penati kwa ubani, ila nimeona wachezaji waliokataa kuingia uwanjani mpaka wapite kinyumenyume, na timu ikiamini inapunguza makosa. Fedha ile siihesabu kuwa imepotea yote.

Mwenye sauti ya mwisho hakuwa mwenyekiti. Alikuwa mama aliyefua jezi. Aliuza wali maharage pembeni ya barabara, akawakopesha wachezaji hadi mwisho wa wiki, na mkoba wa jezi ulilala chini ya kitanda chake. Mchezaji aliyekorofishana na mzazi wake, au aliyesikika ametukana watu mtaani, angefika Jumapili akute jezi yake haipo. "Haijakauka, mwanangu," angeambiwa, na jua la Januari linawaka. Hakuna kamati iliyowahi kutengua adhabu hiyo.

Tulijifunza mpira kwa kuuangalia, na bahati ya Temeke ni kwamba Uwanja wa Taifa uko kwetu, Chang'ombe. Ule wa zamani, ambao watu wameubatiza Shamba la Bibi, ndipo ilipopandishwa bendera ya Uhuru Desemba 1961. Kiingilio hatukuwa nacho. Tulisubiri nje, tukisoma mchezo kwa kelele, mpaka dakika za mwisho mageti yalipoachiwa, saa ya "fungulia mbwa", tukamiminika kuwahi kona mbili na filimbi ya mwisho. Novemba 1993 Simba walipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, baada ya kutoka sare ugenini, hata wana Yanga wa mtaani kwetu walikosa la kusema, wengine kwa kutamani kombe libaki nchini, wengine kwa hofu ya kelele za watani. Boli Zozo akafunga mawili, Simba wakalala 2-0. Kwa muda mrefu baada ya hapo, beki aliyepigwa chenga Mwembe Yanga alizomewa kwa jina hilo hilo la Boli Zozo, ingawa mwenye jina alikuwa mpiga chenga.

Sasa niseme habari ya goli.

Mwaka 1996 tulifika mechi ya mwisho ya ligi daraja la nne ya wilaya, na ushindi ungetupandisha daraja la tatu. Wapinzani walitoka Keko, wengi wao mafundi wa samani, wenye vifua. Mshambuliaji wetu aliyesajiliwa alikuwa kuli Kariakoo. Jumamosi ile shehena ya vitunguu ilichelewa, na bosi wake akamwambia achague mpira au kazi. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Akachagua kazi, na sidhani kama kuna mtu mwenye haki ya kumlaumu.

Mwenyekiti hakumlaumu pia. Alikwenda Mbagala na daladala ya kwanza, akarudi na kijana mwembamba aliyekuja na daluga zake ndani ya mfuko wa plastiki. Huyo ndiye tuliyemwita mamluki, na kila timu ya mchangani ilikuwa na wake. Kamisaa wa mechi alikagua leseni. Picha ilikuwa imefifia, kijana akaulizwa jina, akalitaja la kuli wetu bila kupepesa, na la baba yake, na mtaa. Alikuwa amefundishwa njiani.

Dakika za mwishomwisho, bado bila bila, winga wetu wa kulia akaupata mpira kwenye upande ule mgumu. Akampiga beki tobo, akainua krosi. Kijana wa Mbagala akapaa katikati ya mafundi wawili na kuupiga kichwa chini, kwenye pembe ya nguzo. Kwa mara moja hapakuwa na ubishi wa ndani au nje. Usiku nilifungua kaunta buku nikaandika mfungaji kwa jina lililokuwa kwenye leseni, kwa sababu wapinzani walikuwa wameshatishia kukata rufaa TEFA, chama cha soka cha Temeke, na daftari lingeweza kuitwa kuwa ushahidi. Kijana alipewa nauli na sahani ya wali, akapanda daladala. Sikumwona tena.

Daraja la tatu tulikaa msimu mmoja. Baada ya hapo timu ilififia bila mtu kutangaza kifo chake. Sehemu za wazi zilijengwa. Mabanda ya video yalianza kuonyesha Ligi ya Uingereza, na mechi zao za mchana kwetu ni jioni, saa zile zile za Mwembe Yanga. Vipaji vilisogea kusini pamoja na watu waliokwenda kununua viwanja huko. Mbagala Market, timu iliyotokea huko na baadaye kubadilishwa jina ikawa African Lyon, ndiyo iliyomlea Mbwana Samatta kabla ya Simba, TP Mazembe na Genk, mpaka Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kufunga goli katika Ligi Kuu ya Uingereza. Ndondo Cup, mashindano ya timu za mchangani, ilipoanza 2014 na kujaza watu viwanjani, Temeke Market na Kauzu ya Tandika walitukumbusha kuwa mchanga bado una wenyewe. Niliona vijana wana jezi mpya, wadhamini na kamera. Nikajiuliza tu nani anazifua.

Kuli wetu alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Maturubai yalifungwa mtaani, na wazee wa timu tukakaa kwenye majamvi. Kila aliyesimama kumwelezea marehemu alilitaja goli la Keko. Sikushangaa, kwa maana mwenyewe alikuwa akilisimulia. Mwanzoni alicheka na kusema waliandika jina lake bure. Baada ya miaka michache aliacha kucheka, akaanza kueleza alivyoruka. Mwenyekiti, macho yake sasa hayaoni vizuri, aligeuza uso upande wangu kila goli lilipotajwa, na hakufungua mdomo.

Kijana wake wa kwanza, yule aliyekuwa tumboni siku ya mechi, alikuja kuchuchumaa mbele yangu akiwa na birika la kahawa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Poleni."

"Tumeshapoa. Wanasema wewe ndiye uliyekuwa unaandika daftari la timu. Lile goli, baba alilifungaje?"

Nilipokea kikombe.

"Kwa kichwa," nikamwambia. "Krosi ilitoka kulia, kwenye upande mgumu. Akapaa katikati ya mabeki wawili, akaupiga chini, kwenye pembe ya nguzo."