Farasi Hanuki, Sakafu Ndiyo Inanuka

Wacha niseme na wenye farasi wanikasirikie: ukiingia kwenye zizi na macho yaanze kuwasha, usimlaumu farasi. Kuna mtu mahali aliamua kuokoa pesa ya maranda, na sasa mnyama na mfanyakazi ndio wanailipa kwa mapafu.

Najua wengi wenu farasi mmemwona mara moja tu, ufuoni Mombasa likizo ya Disemba, mkalipa mpigwe picha mkiwa juu yake. Mimi nimewazolea mavi zaidi ya mwaka mmoja. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imegoma, na kazi iliyonichukua bila kuuliza cheti ilikuwa ya usaisi huku upande wa Karen. Saisi ndiye anayemlisha farasi, anayempiga brashi, anayemtembeza, na kila asubuhi anaingia na wilibaro kutoa kilichoachwa usiku. Siku hizi naishi kwa video, lakini nikisema nilifanya kazi hiyo, lazima mtu akunje pua. "Manze, si huko kunanuka?"

Kunaweza kunuka hadi ulie. Na kunaweza kukaa siku nzima bila kunuka chochote ila nyasi kavu. Nimefanya kazi kwa mabanda ya aina zote mbili, farasi wakiwa wale wale. Kilichobadilika kilikuwa chini ya miguu yao.

Tupige hesabu kidogo. Farasi mzima wa kilo 450 au 500 anakojoa kama lita 6 hadi 10 kwa siku. Farasi kumi ni lita 60 hadi 100, yaani mitungi mitatu hadi mitano ya lita 20, ile ya manjano ya kuchotea maji. Chukua hiyo mitungi, imwage ndani ya bedsita yako leo, kesho na kesho kutwa, halafu uniambie unachohitaji ni pafyumu.

Kitu ambacho sikufunzwa na lekchara yeyote ni hiki: mkojo ukitoka tu haunuki vile. Ndani yake kuna yurea. Bakteria walio kwenye mavi na kwenye sakafu ndio wanaivunja, na kinachopanda ni amonia, ile hewa kali inayokugonga puani kama rangi ya nywele pale saluni. Kwa hivyo ile harufu ni kama saa ya ukutani. Inakuambia unyevu umekaa hapo muda gani bila mtu kuutoa.

Na si mambo ya pua tu. Kwenye njia yetu ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia vumbi na vijidudu kutoka kwa mapafu. Amonia inavidhoofisha. Farasi naye ana hali mbaya kuliko wewe uliyesimama mlangoni, kwa sababu akilala au akila nyasi chini, pua yake iko karibu kabisa na pale panapotoka hiyo hewa. Changanya na vumbi la nyasi, na baada ya muda una farasi anayekohoa kila akianza kukimbia. Ugonjwa wenyewe unaitwa pumu ya farasi, na ukishakuwa mkali anaishi nao. Chini nako, ile sehemu laini katikati ya ukwato inaanza kuoza, inatoa uchafu mweusi unaonuka kuliko hata sakafu yenyewe. Ukiiacha, anachechemea.

Mtu aliyenielewesha haya yote hakusoma kemia. Alikuwa saisi wa miaka mingi, mzee ambaye sote tulimwita Guka. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Kijana yangu, usinuse ukiwa umesimama. Wewe si mgeni. Chuchumaa." Nikachuchumaa. Juu palikuwa sawa, lakini kwenye usawa wa goti macho yalijaa machozi. Akachukua konzi ya maranda akaifinya. "Ikikuachia maji mkononi, imekufa. Toa. Ikianguka kama unga, rudisha."

Hiyo ndiyo ilikuwa sayansi yake, na inafanya kazi. Asubuhi farasi anatoka nje kwanza. Unazoa mavi. Halafu unasukuma maranda makavu hadi ukutani, pande zote, mpaka lile doa la mkojo libaki wazi katikati. Farasi dume mara nyingi analowesha katikati ya chumba, jike analowesha nyuma zaidi, kwa hivyo ukishamzoea unajua doa liko wapi kabla hujagusa uma. Unalitoa lote hadi sakafuni. Na hapa ndipo wavivu na wasaisi wanapoachana: hufuniki. Unaacha sakafu uchi, madirisha wazi, ikauke hata masaa mawili au matatu. Ndipo unarudisha makavu na kuongeza mapya juu.

Halafu unamrudisha farasi, na jambo la kwanza analofanya kwenye hicho kitanda kipya ni kukojoa. Usikasirike. Farasi hapendi mkojo umrukie miguuni, kwa hivyo wengi wanangoja mahali laini. Amekupigia makofi kwa njia yake.

Sakafu yenyewe ina siri zake. Ya saruji lazima iteremke kidogo, kama sentimita moja au mbili kwa kila mita, mkojo utafute mfereji wenyewe. Ya udongo inakunywa kila kitu, na baada ya muda unanusa mkojo wa mwaka jana. Hiyo dawa yake ni jembe, uchimbe hapo palipooza ujaze upya. Mikeka ya mpira inapendeza kwa picha, lakini mkojo unapita kwenye maungio unakaa chini yake ukijificha. Kama hakuna anayeiinua, umeweka kifuniko juu ya sufuria tu.

Sasa tuje kwa yale watu wanafanya badala ya hiyo kazi.

Wa kwanza ni wa chokaa. Anamwaga ile chokaa kali ya kupaka ukuta juu ya unyevu, panakuwa peupe, anaona amemaliza. Hiyo chokaa inafanya amonia itoke haraka zaidi, na inachoma ngozi. Wa pili ni wa jiki. Huyu ndiye ananiogopesha. Ukimwaga jiki pahali penye mkojo uliokaa, klorini inakutana na amonia na inatoka hewa yenye sumu inayoweza kukulaza hospitali. Usijaribu zizini, na usijaribu kwa choo cha ploti yenu pia. Wa tatu ni wa kufunga milango. Julai Nairobi ikishika baridi, anaziba kila tundu ati farasi asiumwe. Farasi ana manyoya, ana kilo 500 za mwili, baridi anaiweza. Hewa iliyooza ndiyo hawezi.

Hata chakula kinaingia hapa. Ukimpa farasi protini kupita anayohitaji, ile ya ziada mwili unaitoa kama yurea kwenye mkojo. Yaani unaweza kununua harufu kwa bei ghali ukidhani umenunua lishe.

Haya yote Guka alikuwa anayajua. Lakini kujua hakusaidii kama hujapewa ruhusa ya kuamua.

Mwaka mmoja mvua ya Aprili ilipiga hadi lori la maranda likawa linakuja kwa msimu wake. Bei ikapanda. Meneja akatoa amri: kila chumba kutoka magunia sita hadi matatu, mengine tumalizie na chokaa, na milango ifungwe maji yasiingie. Kwa karatasi ilikuwa akili. Ndani ya wiki mbili farasi jike mmoja, wa mwisho kwenye mstari, akaanza kukohoa.

Guka alimfuata meneja. Nilikuwa nimesimama na wilibaro yangu, nikasikia. "Bosi, kitanda kinene kinaloa mahali pamoja, natoa gunia moja. Kitanda chembamba kinaloa chote, anakikanyaga kinachanganyika, natoa yote matatu. Hapo umeokoa nini?" Meneja akasema mwenye farasi huja kila Jumamosi na hajawahi kulalamika kuhusu harufu.

Hilo jibu ndilo lilinifanya niandike hii kitu. Mwenye farasi huja Jumamosi saa nne asubuhi. Saa nne zizi limeshatolewa, limepigwa upepo, limefagiwa kwa ajili yake. Anakaa masaa mawili, anarudi kwa gari. Saa kumi na moja unusu alfajiri, mlango ukifunguliwa baada ya usiku mzima, yeye yuko kitandani. Anayeufungua ni saisi.

Daktari wa mifugo alikuja kumwona yule jike. Kabla ya kutoa dawa yoyote alisema abadilishiwe kitanda, apewe hewa, nyasi yake iloweshwe ipunguze vumbi. Maneno ya Guka, neno kwa neno karibu, ila haya yalikuja na risiti. Magunia yakarudi kuwa sita, milango ikafunguliwa. Jike yule akapungua kukohoa, na hakuna aliyerudi kumwambia mzee kwamba alikuwa amesema.

Lakini kuna sehemu ambayo haikubadilika. Vyumba vya kulala vya masaisi vilikuwa mwisho wa ule mstari, ukuta mmoja na zizi, na nyuma yake ndipo tulipokuwa tunarundika mavi. Guka alikuwa amelala hapo miaka. Naye alikuwa anakohoa. Siwezi kusema ni amonia, mimi si daktari. Nasema tu kwamba jike alipokohoa daktari aliitwa siku hiyo hiyo, na mzee alipokohoa aliambiwa apunguze chai ya maziwa. Huko Marekani taasisi ya afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asivute wastani wa zaidi ya sehemu 25 za amonia kwa kila milioni ya hewa katika siku nzima ya kazi. Hiyo ni kwa mtu anayemaliza kazi jioni anaenda nyumbani. Guka akimaliza kazi alikuwa anaingia upande wa pili wa ukuta.

Ndiyo maana sipendi mtu akinicheka ati nilikuwa nazoa kojo. Hiyo ni kazi ya maarifa. Unasoma sakafu, unasoma hewa, unajua mnyama atafanya nini kabla hajafanya. Kinachoifanya ionekane ya watu wa chini ni kwamba anayeijua hasikilizwi mpaka mtu mwenye koti jeupe aje kuirudia kwa Kizungu. Na nawaona wasee wengi wa rika langu waliotoka chuo kama mimi wakiona haya kusema wanafanya nini. Kama unajua kitu ambacho bosi wako hajui, una elimu. Kilichobaki ni kuisema bila kuomba msamaha.

Kwa hivyo kama una farasi, au mzazi wako anakulipia masomo ya kuendesha hizi wikendi, nina ombi dogo. Usiende saa nne. Nenda alfajiri, kabla wilibaro haijapita. Fungua mlango, chuchumaa hadi pua yako ifike mahali farasi anaweka yake, vuta pumzi polepole mara tatu. Macho yakiwasha, usimuulize meneja. Muulize saisi anahitaji magunia mangapi. Halafu kabla hujaenda, muulize analala wapi.