Goti la Nani?

Zamani goti la mchezaji lilikuwa la kila mtu. Nazungumzia Nairobi ya miaka ya themanini, tulipokuwa tukicheza magongo chuoni. Wengi wetu tulikuwa tumejifunzia kwenye viwanja vya murram vya shule za bweni, ambako mpira hugonga kokoto ukaruka usikotazamia, na ugoko wa mtu ulitosha kukueleza amesoma wapi na amecheza namba ngapi. Vidole vilivunjika, meno yalitoka. Kulinda lango wakati wa kona fupi ilikuwa kazi ya wasiojipenda, maana zile barakoa ngumu ambazo mabeki wa leo huzivaa kabla ya mpigo hatukuwa nazo. Kisha uwanja wa City Park ukatandikwa nyasi bandia kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, tukashangilia, na mpira ukaanza kuja kwa kasi ambayo mikono yetu haikuizoea.

Tulikuwa tumelelewa kwa sifa za kizazi cha Avtar Singh Sohal, wachezaji wa Kenya waliomaliza wa nne katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo kule Barcelona mwaka 1971. Katika masimulizi yale hakuna aliyewahi kuumia. Kwa hiyo nasi hatukuumia: tulimwagiwa maji. Mwenzetu mmoja aligongwa kichwani na gongo, akalala chini macho wazi. Akamwagiwa maji, akaulizwa jina lake, akalitaja, akarudi uwanjani. Jioni, kantini nzima ilimsikia akiuliza tena na tena ni nani aliyeshinda. Tulicheka sana. Leo mtikisiko wa ubongo una utaratibu wake: mchezaji hutolewa nje, hupimwa, hupumzishwa, hurudishwa hatua kwa hatua. Sisi tulikuwa na ndoo.

Na zahanati ya chuo ilikuwa na dirisha. Wagonjwa walikaa kwenye benchi ukutani, muuguzi akitoa kichwa na faili mkononi, anasoma kilichoandikwa juu yake kwa sauti ya mtu anayeuza samaki: "Aliyevimba kinena ni nani?" Ukiinuka unainuka mbele ya darasa lako zima. Kocha alikuwa akiingia mle kwa mlango wa nyuma na kupekua faili atakavyo. Hakuna aliyeona ajabu, kwani timu si yake?

Lakini kulikuwa na upande mwingine, na ndio ninaoukumbuka kwa uchungu wa kuukosa. Kwa kuwa kila mtu alijua, kila mtu alikuja. Ukivunjika mguu uji ulikufuata bwenini, nukuu za mihadhara zilinakiliwa kwa karatasi ya kaboni, na kiungo wa kulia, mtu mliyekuwa mmenuniana naye tangu mwanzo wa muhula, alikubeba mgongoni hadi bafuni bila kuombwa.

Isipokuwa kama ulichokuwa nacho hakikuwa mguu. Tulikuwa na mshambuliaji mwepesi kuliko sote, aliyekuwa na kifafa na aliyekuwa akimeza dawa zake kimyakimya miaka yote. Siku dirisha lile lilipolitaja jina la ugonjwa wake, uji haukumfuata. Aliondolewa kikosini kwa ajili ya usalama wake mwenyewe, kama tulivyoambiwa, na aliyekuwa akilala naye chumba kimoja akaomba kuhamishwa. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliyaficha akaishi na kufunga mabao. Kilichomuumbua ni benchi.

Sasa naishi Forest, kusini mwa Brussels. Waflemi huiita Vorst. Chini kwenye bonde, kando ya reli, kuna kiwanda kilichounda magari tangu 1949, kwanza chini ya D'Ieteren, kisha Volkswagen, mwishowe Audi, hadi kilipofungwa Februari 2025. Jirani yangu, mzee wa Bukavu, alifunga milango ya magari mle hadi bega likakataa. Ninapomsimulia habari za dirisha letu hutikisa kichwa. "Ndugu yangu," huniambia, "bosi wangu alijua tarehe nitakayorudi, basi. Bega langu hakulijua." Ni kweli. Sheria ya mikataba ya kazi ya Ubelgiji, ya tarehe 3 Julai 1978, inamtaka mfanyakazi alete cheti kinachosema hawezi kufanya kazi na kwa muda gani. Jina la ugonjwa halimo. Mwajiri akishuku, anaweza kumtuma daktari wa kukagua, lakini huyo naye humrudishia mwajiri jibu la swali lilelile tu: anaweza au hawezi, mpaka lini. Mengine yote ni siri ya taaluma. Ugonjwa wenyewe huandikwa kwenye karatasi nyingine, inayokwenda kwa daktari wa mfuko wa bima.

Juu ya kilima, ubavuni mwa bustani ya Duden, kuna uwanja wa Joseph Marien, nyumbani kwa klabu ya mpira wa miguu ya Royale Union Saint-Gilloise. Jina la klabu ni la mtaa wa pili, uwanja uko kwetu. Nilipofika miaka ya tisini Union ilikuwa imezama madaraja ya chini. Ilishuka 1973 na haikurudi ligi kuu hadi 2021. Siku hizo ungeweza kusimama karibu na kamba, ukamsikia mkandaji akimwambia beki kwamba msuli wa paja umechanika, ukaenda kuyasimulia baa. Mwaka 2025 ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji, taji lake la kwanza la ligi tangu 1935, na leo hakuna anayesikia chochote kutoka kwa mkandaji.

Ila magazeti yanasikia. Mchezaji wa Union ni mfanyakazi kama mzee wangu wa Bukavu. Hata sheria zao zilizaliwa mwaka mmoja, kwani ile ya wanamichezo wanaolipwa ni ya Februari 24, 1978. Hata hivyo, bega la fundi lilikaa ndani ya bahasha kwa miaka, na kano za goti la mshambuliaji zinatangazwa kabla ganzi haijamtoka. Katika Umoja wa Ulaya, chini ya sheria ya data inayotumika tangu Mei 2018, habari za afya ziko kwenye lile kundi la taarifa zinazolindwa kuliko zote. Mchezaji hukubali zitoke. Sijui ni kukubali kwa namna gani, mtu anapokuwa na umri wa miaka ishirini na mkataba mezani.

Marekani na Kanada wamebuni lugha ya kuzunguka. Kwenye magongo ya barafu, ya kulipwa na hata ya vyuo vikuu, kocha akiulizwa kuhusu mchezaji hujibu kwamba ameumia "sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini". Ukijumlisha hizo mbili umepata binadamu mzima. Watu hudhani ni sheria ya Marekani ya siri za matibabu, ya 1996, inayowafunga mdomo, kumbe hiyo hasa inazifunga hospitali, madaktari na kampuni za bima; kumbukumbu za mwanafunzi mara nyingi ziko chini ya sheria nyingine, ya 1974, inayohusu rekodi za masomo. Kinachomfanya kocha anyamaze ni hofu kwamba wapinzani wakijua ni kifundo gani kinauma, watakitafuta. Ni siri ya vita, si ya mgonjwa. Akihitaji kuivunja kesho ili kuuza tiketi, ataivunja.

Jirani zetu Uccle ndiko kwenye vilabu vikubwa vya magongo vya Brussels, na binti wa dada yangu anacheza huko. Msimu uliopita niliona winga wao haonekani, wiki baada ya wiki. Kwenye programu ya simu ambayo timu hujiandikishia, mbele ya jina lake kulikuwa na alama nyekundu tu. Nikamuuliza mpwa wangu mwenziwe anaumwa nini.

"Mjomba, hayo hatuulizi."

"Mmekwenda kumwona?"

Alinitazama kama niliyependekeza wavunje nyumba. Kwenda kumwona mtu ni kukiri kwamba unajua, na kujua kumekuwa kama kuiba. Nilitamani kumwambia kwamba pole haihitaji jina la ugonjwa, kwamba kiungo wetu wa kulia hakuwahi kuuliza ni mfupa upi. Nikamkumbuka mshambuliaji wetu na benchi lile, nikameza. Msichana yule akiwa na kifafa, alama nyekundu imemtendea wema ambao sisi hatukumtendea mtu. Akiwa na mguu, yuko peke yake na televisheni.

Wasioona haya kuuliza ni wenye dau. Mtoto wa kaka yangu huko Nairobi ni wa kizazi kilichokulia kwenye kamari za simu, tangu SportPesa ilipoingia Kenya 2014, na kwake msuli uliochanika Brussels ni bei inayopanda au kushuka kabla ya saa tisa. Union yenyewe ilinunuliwa 2018 na Mwingereza Tony Bloom, aliyetajirika kwa kupiga hesabu za mechi na kuweka fedha zake humo, ingawa sasa si mwenye hisa nyingi zaidi. Wachezaji wamekatazwa kubeti na kupenyeza habari za ndani. Mashangazi zao, wakandaji wastaafu na wajomba wanaokaa karibu na uwanja hawajakatazwa kitu.

Jumamosi moja ujumbe wa mtoto huyo wa kaka yangu ulinikuta jukwaani, timu zikipasha misuli. "Baba mdogo, shikamoo. Uko hapo uwanjani? Yule namba tisa wa Union anakimbia vizuri au anachechemea?"

Nilimjibu marahaba, na kwamba kutoka nilipokaa sioni vizuri. Nilikuwa safu ya pili, na kijana wa watu alikuwa akichechemea waziwazi.