Dawa Mbili, Lango Moja: Tafakuri Kutoka Kamere

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuitumia methali hii tuzungumziapo siasa, ndoa au uongozi wa vyama vyetu. Ni nadra kuielekeza kwenye mfuko wa dawa. Hata hivyo, zipo dawa mbili ambazo kila moja peke yake ni tiba halali, lakini zikikutana katika mwili mmoja huweza kumdhuru yule yule zilizokusudiwa kumponya. Makala haya yanahusu dawa za aina hiyo. Yanahusu pia lugha ambayo kwayo mgonjwa huonywa, au hukosa kuonywa.

Kamere ni kitongoji kilicho kusini mwa Ziwa Naivasha, karibu na lango la mbuga ya Hell's Gate na vituo vya umeme wa mvuke vya Olkaria. Wengi wa wakazi wake hufanya kazi katika mashamba ya maua. Wengine ni wavuvi na wachuuzi. Katika ploti moja waweza kuwakuta Mluo, Mkisii, Mluhya na Mkikuyu wakichota maji kwenye mfereji mmoja, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kwa Kiswahili huajiriwa, hugombana, husali na huugua. Lakini karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa huwafikia kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo mithili ya sisimizi.

Mjomba wangu ni mkazi wa hapo. Kwa miaka mingi amekuwa mpiga dawa shambani, yaani yule anayenyunyizia waridi dawa za kuua wadudu na kuvu. Kliniki moja ilimpima damu, ikagundua kwamba mafuta yamezidi, naye akaandikiwa simvastatini, tembe moja kila usiku. Miezi kadhaa baadaye alisumbuliwa na vidonda vya tumbo. Kemisti mmoja akamuuzia mseto wa dawa tatu wa kuangamiza bakteria waitwao Helicobacter pylori, na mojawapo ilikuwa klarithromisini. Hakuna aliyemuuliza iwapo alikuwa akimeza dawa nyingine. Naye hakuona sababu ya kusema. Kwake yeye, tumbo ni tumbo na damu ni damu.

Nilipomtembelea siku ya tano, alikuwa akiinuka kitini kwa kushikilia ukuta. Mapaja na mabega yalimuuma kana kwamba amebeba magunia usiku kucha. "Mpwa wangu," akaniambia, "wewe ndiwe msomi wa lugha katika ukoo huu. Hebu nisomee karatasi hii."

Nilisoma. Onyo lilikuwemo, wazi kabisa kwa anayekijua Kiingereza cha hospitali: simvastatini isitumiwe pamoja na klarithromisini. Siku hiyo hiyo tuliabiri matatu hadi mjini Naivasha. Mfamasia aliyetupokea aliuliza kwanza rangi ya mkojo, kisha akatuelekeza kwa daktari. Simvastatini ilisitishwa, damu ikapimwa ili kuchunguza hali ya misuli na figo, na kwa bahati njema figo zilikutwa salama. Maumivu yalipungua katika wiki iliyofuata.

Je, ni nini kilichotokea mwilini mwake? Tafakari, ndugu msomaji, lango la shamba la maua jioni. Wafanyakazi hutoka mmoja mmoja huku askari akiwakagua. Akitokea mtu wa kumshughulisha askari huyo kwa mabishano, walio ndani hurundikana. Katika ini na utumbo wetu mna kimeng'enya kijulikanacho kama CYP3A4, ambacho kazi yake ni kuzivunjavunja dawa nyingi ili ziweze kutolewa mwilini. Simvastatini hupitia mikononi mwake. Klarithromisini, pamoja na dada yake mkubwa erithromisini, hukifunga kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Hivyo basi, mtu humeza tembe ile ile moja kila usiku, ilhali kiwango cha dawa katika damu yake hupanda mara kadhaa, kana kwamba amemeza tembe nyingi.

Simvastatini ikizidi, huweza kuzidhuru seli za misuli. Katika hali mbaya, ambayo kwa bahati hutokea kwa nadra, misuli huvunjika, protini yake humwagika ndani ya damu, mkojo hugeuka rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na figo huweza kushindwa kazi. Ulimwengu ulipata funzo chungu kuhusu madhara haya mnamo Agosti 2001, pale kampuni ya Bayer ilipoiondoa sokoni serivastatini, dawa ya jamii hiyo hiyo, baada ya vifo vilivyotokana na kuvunjika kwa misuli. Baadhi ya waliodhurika walikuwa wameichanganya na dawa nyingine ya mafuta iitwayo jemfibrozili.

Kinachonistaajabisha ni kwamba dawa hizi zinazogombana zina nasaba ya karibu. Katika miaka ya 1970, Mjapani Akira Endo alichunguza maelfu ya aina za kuvu, akapata katika kuvu wa jamii ya Penicillium dawa ya kwanza ya jamii ya statini, zinazopunguza kolesteroli. Alikuwa amevutiwa na habari za Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928 kutokana na kuvu wa jamii iyo hiyo. Erithromisini nayo ilipatikana kutokana na vijiumbe vya udongo wa Iloilo, Ufilipino, ambao daktari Abelardo Aguilar aliutuma kwa kampuni ya Eli Lilly mwaka wa 1949. Klarithromisini ni zao lake lililoboreshwa.

Aidha, isidhaniwe kwamba kila kiuavijasumu hugombana na kila dawa ya kolesteroli. Azithromisini, ingawa ni ya ukoo wa erithromisini, haikifungi kimeng'enya kile kwa kiwango hicho. Pravastatini na rosuvastatini nazo hazikitegemei sana. Rifampisini, inayotumiwa kutibu kifua kikuu, hutenda kinyume: huongeza askari langoni, simvastatini ikatoka upesi kabla haijafanya kazi yake. Kwa hiyo mgonjwa asitupe dawa zake kwa hofu. Anachopaswa kufanya ni kumtajia daktari au mfamasia kila anachomeza, ili achaguliwe kinachopatana.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wa fani hii. Tulipokuwa kwenye matatu nilijaribu kumweleza mjomba hatari ile kwa istilahi nilizofunzwa. Nikasema, "kiuavijasumu". Akauliza kama ni dawa ya kupe. Kolesteroli nikaiita "lehemu", kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wetu. Akashangaa, kwani lehemu anayoijua ni ya fundi wa kuunganisha vyuma. Nikataja "mwingiliano wa dawa", akatikisa kichwa kwa adabu tu. Hatimaye nikamuuliza kama shambani huweza kutia dawa yoyote na nyingine yoyote katika tangi moja la kunyunyizia. Alinikatiza kwa haraka: "La hasha! Nyingine huganda, nyingine huunguza maua. Lazima usome kwanza." Akanyamaza kitambo, kisha akasema polepole, "Kumbe mimi ndimi tangi."

Sikuwahi kusikia fasili bora kuliko hiyo. Simaanishi kwamba istilahi hazina kazi. Bila hizo hatuwezi kufundisha sayansi kwa Kiswahili, na wanaisimu waliozisanifu wanastahili heshima. Lakini istilahi humfaa anayesoma kitabu. Anayesimama mbele ya dirisha la kemisti huhitaji sentensi fupi yenye amri ndani yake: "Dawa hii usiimeze pamoja na ile." "Misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi, nenda hospitali mara moja." Sentensi hizo hazimhitaji mtaalamu wa kuunda maneno mapya. Zinamhitaji mtu anayejua jinsi watu wanavyosema.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Ukizisoma ibara hizi mbili kwa pamoja, utaona kwamba mpiga dawa wa Kamere hapaswi kungoja mpwa aje kutoka chuoni ndipo ajue kilichomo ndani ya pakiti aliyoinunua kwa fedha zake.

Mara nyingi tunakutana katika makongamano yetu kulalamika kwamba Kiswahili kinadunishwa. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini katika vyuo vyetu vikuu wamo pia wanafunzi wa famasia, na umbali kati ya madarasa yao na yetu ni mwendo wa dakika chache. Tungeketi nao tukaandika maonyo ya dawa 20 zinazotumiwa sana, tukayapeleka Kamere, Karagita na kwingineko tuwasomee watu kabla ya kuyachapisha, tungejua papo hapo ni neno gani linalofika na ni lipi linalopotea njiani. Kazi hiyo ni ya kiisimu kama ilivyo ya kitabibu, na haihitaji kungoja sera. Nawaomba wanachama wa chama chetu tuianze muhula huu.