Mama, Mwana na Pandikizi la Tekken



Wapendwa wasomaji, mwaka jana, baada ya kumalizika Ramadhani, nilianza jambo ambalo jirani zangu wa Shela hapa Malindi walilicheka walipolisikia. Nilikaa mkekani kando ya mwanangu mwenye umri wa miaka 14, nikashika padi ya gemu mikononi, nikajifunza kupigana.

Sikuyafanya hayo kwa kupenda mchezo. Tangu baba yake alipokwenda kufanya kazi ya udereva Ghuba, kijana alikuwa amebadilika. Akitoka skuli hupitia kibanda cha gemu, na chuoni mwalimu alikwisha kunilalamikia mara mbili. Nilimkataza, naye akatii kwa miguu. Moyo wake ukabaki huko huko. Nyumbani akawa hasemi ila kwa kujibu. Ndipo mjomba wake wa Kilifi alipotuletea PlayStation 4 iliyokwisha kutumika, ndani yake mna mchezo wa Tekken 7, akaniambia, “Dada, mtoto asipocheza mbele yako, atacheza nyuma yako.” Nikakubali kwa sharti moja: Ijumaa na Jumamosi, baada ya sala ya Isha, saa moja tu, na mimi nipo.

Tekken ni mchezo wa Kijapani uliotolewa na kampuni ya Namco mwaka 1994. Wapiganaji huwa wawili, na vitufe vya kupigia ni vinne: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Nilipoonyeshwa orodha ya wapiganaji, baadhi yao mavazi yao yalinikera. Nikamchagua Jack-7, pandikizi la roboti, nikidhani mwenye mwili mkubwa hashindwi. Usiku ule nilipigwa raundi 11 mfululizo.

Kijana alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi. Kisha akaanza kunifundisha, na mafunzo yake nayaeleza hapa kwa mzazi yeyote atakayejikuta mahali pangu.

La kwanza, uzito una faida na una gharama. Mikono ya Jack ni mirefu, hupiga kutoka mbali, na konde lake huuma. Lakini ni mzito wa kukwepa pembeni, na kwa ukubwa wa mwili wake, mapigo ambayo yangemkosa mwembamba humpata yeye. Basi hapaswi kumkimbiza mtu. Nahodha wa jahazi lililojaa shehena hageuzi tanga ovyo kama mwenye ngalawa. Hujua upepo wake na huungoja. Jack naye hukaa umbali ambao mkono wake unafika na wa mwenziwe haufiki, akangoja.

La pili, kinga kabla ya kupiga. Ukivuta nyuma unakinga mapigo ya juu na ya kati; ya chini hukingwa kwa kuchutama. Adui akikukaba, tazama mkono uliotangulia: ukiwa wa kushoto, bonyeza kitufe cha mkono wa kushoto, ukiwa wa kulia, cha kulia, ikitangulia yote miwili, bonyeza vyote viwili.

La tatu, jibu pigo lililokuja, usijibu hofu yako. Yako mapigo ambayo, yakikingwa, humwacha mpigaji wazi kwa kitambo kidogo. Mchezo huu huenda kwa picha 60 kila sekunde, na konde jepesi la Jack huchukua picha 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Kwa hiyo hata mzito anaweza kuadhibu, maadamu amejua ni pigo lipi lenye hasara. Ipo sehemu ya mazoezi ambamo unaweza kumwamuru mpinzani arudie lile lile pigo linalokushinda, hata ulizoee.

La nne, chagua mapigo machache. Kijana alinipa matano tu: konde jepesi, pigo refu la kati, pigo la chini, konde la kunyanyua na mkabo. “Mama,” aliniambia, “wewe unabonyeza vyote kwa sababu unaogopa.”

Neno hilo lilinikaa kifuani.

Wiki ya tatu nilimwuliza huyu Jack ni nani hasa. Akanieleza kwamba katika hadithi ya mchezo, Jack wa zamani alimwokoa mtoto wa kike aitwaye Jane. Roboti yule alipoangamizwa, Jane alikua, akasoma, akawa mwanasayansi, akamtengeneza upya. Alipomaliza kusimulia alinyamaza, kisha akauliza, huku macho yake yakiwa kwenye kioo, “Baba atarudi lini?” Nikamjibu kweli, kwamba mkataba umebakiza mwaka mmoja na miezi minne, na kwamba hata mimi nahesabu.

Tukacheza raundi moja bila maneno. Ndipo aliposema, “Mama, zile shilingi 700 za chama nilichukua mimi.”

Pale kibandani wavulana walikuwa wakiwekeana pesa, anayeshindwa analipa. Ile ni kamari, hata ikiitwa mchezo. Alishindwa, akadaiwa, akatishwa, akafungua mkebe wangu. Nami, ndugu zanguni, nilikuwa nimekwisha kumshuku mama aliyekuwa akinifulia nguo. Sikumwambia “mwizi”, lakini nilimwambia asije tena, naye alifahamu.

Mkono wangu ulitaka kuinuka. Ulikuwa umeshika padi, na labda hilo lilinisaidia kwa ile sehemu ya sita ya sekunde. Nikaona kwamba nikimpiga sasa, hili litakuwa neno lake la mwisho la kweli kwangu. Nikaona pia kwamba kosa lake na langu yalikuwa yamekaa mkeka mmoja: yeye alichukua mali isiyo yake, nami nilimpiga mtu ambaye hakunirushia konde lolote.

Asubuhi yake tulikwenda pamoja Maweni. Kijana alisema yake, nami nikasema yangu. Yule mama alitusikiliza huku akichambua mchicha, akasema, “Nimesamehe.” Nilipomwomba arejee kazini, alisema atafikiri. Mpaka ninapoandika haya hajarejea, na sina haki ya kumharakisha. Shilingi 700 kijana alizilipa kidogo kidogo kwa kumsaidia ami yake sokoni siku za likizo.

Siandiki haya kuwahimiza nyote mnunue gemu. Tekken 7 imewekewa alama ya kuanzia miaka 13 huko Marekani na 16 huko Ulaya, wadogo wasipewe. Ikiwa mwanao huenda kibandani, nenda ukaone kwa macho yako, uulize kama pana kuwekeana pesa. Wala usidhani ni mambo ya wavulana peke yao: Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya XiT Gaming mwaka 2018 kwa ustadi wake wa Tekken. Binti yangu mdogo amekwisha kuniuliza zamu yake itafika lini.

Zaidi ya hayo yote, keti naye, hata kama huujui mchezo. Mtoto ambaye hawezi kukutazama usoni huenda akakwambia la moyoni mkiwa nyote mnatazama mbele.

Iddi iliyofuata tulivuka daraja la Kilifi kuwazuru jamaa Mnarani. Mpwa wangu alinipiga raundi tatu. Ya nne nilikinga, nikakinga tena, nikangoja, kisha nikamnyanyua kwa konde moja. Mwanangu aliruka kwa furaha kuliko mimi, akampigia baba yake simu papo hapo kumweleza.

Allah atuhifadhie watoto wetu, na atupe subira nao. Wabillahi tawfiq.